Fundi wa kalafati Matondoni: mashua waliyosema ni kuni saa hii iko majini

Nyota nne kwa tano, na ile moja niliyobania ntaeleza mbele. Hii ni riviu ya fundi wa vyombo vya mbao pale Matondoni, upande wa nyuma wa kisiwa cha Lamu, mtu wa kalafati, yaani kuziba maungio ya mbao kwa pamba na mafuta maji yasiingie, naiandika manake kila nikifunga kamba pale gati watu wananiuliza hii si ndiyo ile mashua iliyokuwa imelala Wiyoni majani yanaota ndani? Ndiyo hiyo hiyo jamani. Na badala ya kueleza mmoja mmoja nimeona niandike mara moja wote msome.

Jina la fundi siweki, mwenyewe hapendi mambo ya mtandao na wala hajanituma. Ukifika Matondoni ulizia fundi mzee wa kalafati, utaulizwa "yupi?" kwasababu pale kazi ya vyombo ni ya ukoo kwa ukoo, wewe sema yule anayegonga mbao halafu anasikiliza. Utapelekwa mpaka mlangoni.

Kwanza mjue ni chombo gani nilimpelekea. Ni mashua ya mbao ya kawaida, aliniachia marehemu baba, yeye akivulia, mimi nikaigeuza ya wageni. Sanseti, Manda Toto kuogelea na kuangalia samaki, Takwa kwenye magofu ukiwahi maji kujaa, manake yakitoka ule mkono wa bahari kwenye mikoko haupitiki utalala na nyani huko. Kazi nzuri ikiwepo. Tatizo ni hiyo ikiwepo.

Wenye vyombo vya utalii Lamu wananielewa. 2011 mwezi wa tisa Kiwayu mgeni mmoja aliuliwa na mkewe akatekwa, wa kumi akachukuliwa mwengine Manda, basi zile nchi zao zikawaambia raia wasije. Tukavuta pumzi kidogo, 2014 mwezi wa sita ikaja Mpeketoni, watu zaidi ya sitini wakauliwa, Mungu awarehemu, ikafuata kafyu na kuvua usiku kukapigwa marufuku. Sasa niambieni sanseti unaipeleka saa ngapi na kafyu, na mvuvi wa usiku anakula nini mchana. Tukavumilia tena. 2020 mwezi wa tatu ndege za nje zikasimamishwa tarehe 25 na kafyu ya nchi nzima ikaanza 27, ndege zimerudi Agosti lakini wageni walirudi kwa kudondoka, na kafyu yenyewe haikuondolewa mpaka Oktoba 2021. Hapo ndipo mashua yangu ilipandishwa nchi kavu na ikabaki huko huko, nikiwa nabeba mchanga na mawe ya Manda kwa mashua ya mtu kwa ujira wa siku, na mke wangu anakaanga viazi karai na bajia jioni mlangoni. Kusema kweli ni zile bajia zilizotulisha, mimi nilikuwa nachangia chumvi.

Na kitu ambacho watu wa bara hawajui ni kwamba chombo cha mbao hakiharibiwi na bahari sana kama kinavyoharibiwa na kukaa. Kikiwa majini mbao zimekunywa zimefura zimebanana, kikikaa juani zinakauka zinarudi nyuma, pamba inatoka kwenye maungio, ukitia kidole kinapita. Misumari inalia kutu. Kwahivo ile miaka ya shida haikutunyang'anya wageni peke yake, ilikuwa inakula vyombo vyenyewe pole pole hapo hapo vilipolala, na mtu akija kuamka amepata buking mbili tatu hana cha kuwapakia.

Nilianzia kwengine. Kuna karakana moja ya boti za faiba (faibaglasi), siitaji, iko nje ya kaunti, kijana wao alikuja akaitizama mashua akiwa amesimama mbali hata mkono hakuweka, akaniambia hii mzee uza kuni, chukua mkopo ununue ya faiba. Akanitajia bei, nikanyamaza, nikamshukuru. Sina ubaya na faiba, ni nyepesi na haitaki kalafati, lakini mkopo ule na msimu wenyewe hauna uhakika ungenifanya nisilale.

Ndipo jirani mmoja akaniambia enda Matondoni.

Fundi alikuja na kijana wake mmoja na nyundo. Hakuuliza bei ya kitu wala nina pesa ngapi. Alianza omo, yaani mbele, mpaka tezi, nyuma, anagonga kila ubao kwa mpini wa nyundo anaweka sikio, anagonga anaweka sikio, na kipande cha makaa mkononi, ubao uliokufa anautia msalaba, uliohai anaupiga mstari mmoja. Nikamfuata nyuma roho iko juu kila nikiona msalaba. Alipomaliza akaniita, "Ndoo mwanangu uone kwa mato yako." Akanionyesha. Mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, ni mzima. Mataruma, yaani mbavu za chombo, kadhaa yamekwisha, mbao za chini upande wa kulia zote zitoke, foromali, ule mti wa kufungia tanga, imepasuka haifai. "Zilobaki zina ndaa ya mafuta tu," yaani njaa. Nikamuuliza ami, yaani inapona? Akasema sijasema inapona, nimesema ipi imekufa na ipi haijafa, hesabu fanya wewe.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya nyota zangu. Hakunipa moyo wa uongo na hakunikatisha tamaa, alinipa orodha. Wale wa faiba walinipa hukumu.

Sababu ya pili ni hii na ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Nilipokuwa naye pale nilimwaga yote, deni la duka, ada ya shule ya mtoto, stresi, usiku silali, kwamba hata nikiitengeneza nani ajuaye litakuja janga gani tena. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, hakunikata. Kisha akaniuliza, "Bamvua lijalo ni lini?" Bamvua ndiyo yale maji makubwa ya mwezi. Nikafikiri hajanisikia. Nikahesabu mwezi, nikamwambia. Akasema basi siku hiyo maji yakijaa chombo kiwe kimefika Matondoni, mpaka wakati huo nitafutie pamba, mafuta na watu wa kuvuta. Kwisha. Akaanza kukunja mkono wa kanzu atawadhe.

Nimesikiliza kwenye simu hao wa motivesheni wa kutosha jamani, jamaa kavaa suti anakwambia amka saa kumi alfajiri, amini ndoto yako, sisi huku saa kumi alfajiri tushaamka zamani na samaki hakuna. Nilichopata kwa fundi ni tarehe. Kutoka siku ile sikuwa na nafasi ya kuwaza mwaka kesho kutakuwaje, nilikuwa nawaza bamvua, na baada ya bamvua lile kuna jengine, na kila moja lina kazi yake imeshapangwa. Usingizi ulirudi, sijui niseme nini zaidi, ulirudi tu.

Kwa wasiojua kwanini bamvua, chombo kizito unakipandisha maji yakijaa kabisa, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ili yakitoka kibaki juu pakavu na mafundi wapate kufanya kazi chini yake. Ukikosa siku hizo umeingia maji mafu, hayafiki juu, unasubiri karibu wiki mbili. Hakuna kuhonga hapo.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza walikwangua yale makombe yaliyogandamana chini, wakapitisha moto wa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, mimi moyo uko mkononi naona moto unalamba mashua ya baba. Mbao zilizokufa zikang'olewa. Mataruma mapya ni ya mlilana, huo ndio mti wenyewe kwa kazi hiyo, unakuja umejikunja wenyewe kwa umbo la ubavu. Hapo nikajua habari ambayo sikuwa naijua, kwamba serikali ilipopiga marufuku ukataji miti nchi nzima Februari 2018, na mikoko ya Lamu ikaingia humo humo, mafundi walikwama kabisa. Wengi wakatoka kwenye kazi. Huyu mzee akawa anazunguka kwenye vyombo vilivyokufa vya watu, anaomba au ananunua kwa bei ya bure, anavua mataruma mazima anayaweka. Ana banda limejaa mbavu za majahazi ya watu waliokwishakufa, amezipanga kwa ukubwa. Mbili kati ya zile zangu zimetoka humo, na alinionyesha zilitoka chombo cha nani na kilikuwa kikienda wapi. Kuna watu hawatapenda kuwekewa mbao ya zamani kwenye chombo chao, mimi sikujali, ile mbao imeshakunywa bahari miaka mingi haina la kujifunza.

Kisha kalafati. Pamba inasokotwa, inatiwa mafuta, inashindiliwa kwenye maungio kwa patasi na nyundo, tak tak tak tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Misumari nayo inavishwa pamba yenye mafuta kabla ya kupigwa. Juu sifa, yaani mafuta ya papa, harufu yake wallahi mke wangu alinilaza barazani. Chini kwenye maji ikapakwa deheni, chokaa na shahamu. Mambo haya yalikuwepo kabla ya babu zetu na mzee anayafanya bila kubadilisha kitu, ila mafuta ya kula yaliyotumika ya hotelini anayakusanya pia kwa kazi ndogo ndogo. Na tangu mafuriko ya mto Tana mwishoni mwa 2023 yalipokata barabara ya Garsen na vitu vya Mombasa visifike, anaweka pamba na misumari ya akiba kwenye mapipa. Mwenye duka mjini hakuwa na misumari ya saizi yangu, fundi anayo.

Malipo. Depoziti elfu tano kisha unalipa kwa kila hatua, mbao zikiingia unalipa mbao, kalafati ikianza unalipa kalafati, ukikwama kazi inasimama bila maneno na chombo chako hakiguswi na mtu. Alafu ana jambo lake, mwenye chombo lazima afanye kazi. Nilipewa pamba nisokote, nikapewa kukwangua, nikapewa kuchota maji, na siku nilizofanya akanipunguzia kwenye ujira. Mwanzo niliona ananitumikisha. Baadaye nikaona faida, saa hii ubao wowote wa mashua ile naujua umewekwa lini na umeshikwa na nini, ikivuja sipigi kelele nashika patasi. Jumla yote sikufika hata nusu ya ile bei ya faiba, na sina mkopo wa benki, ni chama cha mke wangu tu kilichonisogeza mwisho mwisho.

Wakati wa mapumziko ya kahawa ndio unasikia mambo. Anasema 2014 kwenye kafyu hakuna aliyeleta chombo kwasababu hakuna aliyekuwa anakitumia usiku, akatengeneza vijahazi vidogo vya kuweka mezani akavificha chini ya kitanda mpaka wageni waliporudi akaviuza vyote. Korona ilipokuja akatengeneza milango na vitanda, na wanawake wa nyumbani kwake wakasuka mikeka na makuti, hiyo ndiyo kazi ya Matondoni siku zote. Wavuvi nao wana hadithi yao, bandari mpya ya Lamu ilipoanza kuchimbwa baharini sehemu zao nyengine za kuvua zikapotea, wakaenda kortini, na 2018 mahakama kuu ya Malindi ikasema walipwe bilioni 1.76. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Mzee ana daftari, na ndani yake kuna ukurasa mzima wa wateja aliowatengenezea kwa maneno ya "nikilipwa fidia ntakuja." Nikamuuliza wangapi wamekuja. Akacheka akanimiminia kahawa.

Vijana wake nao nimewapenda. Mmoja alikuwa bichi boi Shela, gesti hausi zilipofungwa 2020 akarudi kwao akaambiwa shika nyundo, na mpaka leo ameishika, anasema msimu ukiwa mzuri anashuka Shela mchana na alasiri anarudi bandani. Wageni wengine wanauliza kama kazi hii ina maisha, na ile jahazi ya plastiki ya Flipflopi iliyozinduliwa hapa Lamu 2018 na kwenda Zanzibar mwaka uliofuata si ndiyo mwisho wa mbao? Mzee jibu lake ni fupi, anasema na ile nayo ilijengwa na mafundi wa mbao, wamebadilisha mti tu.

Haya sasa nyota moja imeenda wapi.

Simu. Hapokei. Si kwamba hana, anayo, iko ndani ya kikapu imezimwa, anaiwasha akitaka yeye kukutafuta wewe. Mtu wa Mombasa au Malindi anayetaka kupanga kazi kwa mbali ataumia, itabidi umtume mtu. Risiti hakuna, ni daftari lake na neno lake, mimi nilikuwa nalipa kwa M-Pesa kupitia kijana ili nibaki na ushahidi na hakuona vibaya. Ahadi ya muda nayo ni ya Mungu zaidi kuliko yake, tulikuwa tuishushe bamvua moja, pakatokea msiba kijijini, kazi ikasimama kama inavyotakiwa kusimama, na tulipomaliza hitima maji yalikuwa yameshakuwa mafu. Basi hapo ni kukaa kuitizama mashua iliyokamilika kabisa, imepakwa rangi, imekaa juu ya magogo na wewe una mteja anakusubiri Shela. Niliudhika, sifichi. Na mashine ya kubandika hataki kuigusa wala kuisikia, ile sehemu ya kufungia injini nyuma ilibidi nitafute fundi mwengine mjini, kwahivo hesabu hiyo mapema.

Siku ya kushusha ilikuja nusu ya kijiji. Kuna wa kuvuta na kuna wa kuamrisha, na wa kuamrisha ndio wengi, ikateleza ikaingia maji jua likiwa linapanda. Usiku ule ule ikavuja. Wallahi nilikuwa nachota maji gizani natetemeka, nampigia mzee simu imezimwa, nampigia tena imezimwa. Asubuhi namkuta barazani anakunywa kahawa namwambia ami chombo kinazama, akanitizama akasema "Iwate inywe." Nikaiacha, nikiwa napita kila saa na kopo. Mbao mpya zinataka kufura, siku iliyofuata uvujaji ukawa mdogo, kisha ukawa wa kufuta na kitambaa, na hadi leo ndani ni pakavu kiasi cha kuweka mkeka wa wageni bila wasiwasi.

Pesa yangu haijarudi yote, nisiwadanganye. Msimu wa kaskazi uliopita ulikuwa wa wastani, kuna wiki nilitoka kila jioni na kuna wiki nilikaa gatini nacheza bao. Ilipoingia kusi bahari ikachafuka na kazi ikawa nyembamba, kama kila mwaka. Lakini safari hii sikungoja ikauke, bamvua la kwanza la kusi niliipandisha mwenyewe na vijana wawili wa pale, tukakwangua, tukapaka deheni, tukairudisha. Mzee alipita akagonga mbao mbili tatu, akasikiliza, akaenda zake msikitini bila kusema kitu. Kwa anayemjua, hiyo ni sifa.

Kwa anayetaka kwenda: kutoka mjini Lamu chukua bodaboda au boti maji yakiwa juu, kwa mguu ni mbali na mchanga ni mwingi. Usiende Ijumaa. Nenda na mtu wa chombo chako, si broka, mabroka anawajua wote na bei yake inapanda akiwaona. Peleka pamba yako kama unayo nzuri atakupunguzia. Kama mkuku umekufa atakwambia papo hapo usipoteze hela, kuna jamaa wa Kipungani aliambiwa hivo mbele yangu, aliondoka amekasirika lakini aliondoka na pesa yake mfukoni. Na ukitaka kuwahi kabla ya kaskazi mfuate sasa, ana vyombo viwili vya watu wa Kizingitini kwenye foleni na foleni yake hairukwi, mimi nilijaribu kumtilia jamaa yangu neno akanipa pamba nisokote.